Vya Uvira Hupitia Buja

Simama mbele ya kibanda chochote cha soko la Mulongwe, mjini Uvira, usome maandishi ya vifungashio. Unga wa ngano ni Azam, umetoka Dar es Salaam. Maziwa ya unga ni Nido, lakini hayauzwi kwa kopo. Mama muuzaji huchota kijiko, humimina kwenye kipande cha nailoni, hufunga fundo na kulipanga kwenye sinia pamoja na mafundo mengine. Mche wa sabuni umekatwa vipande, kila kipande kinatosha kufua mara moja. Kreti zilizopangwa ukutani zina chupa za Brarudi, kiwanda cha bia cha Bujumbura. Bei ya vitu vidogo hutajwa kwa faranga za Kongo, ya vikubwa kwa dola, na ukiwa na faranga za Burundi hutafukuzwa.

Kitu kilichotoka Kinshasa utakitafuta sana. Mji mkuu uko kilomita kama 1,500 kwa mwendo wa ndege, na hakuna lori linaloondoka huko likafika Uvira kwa njia ya nchi kavu ya maana. Bujumbura iko umbali usiofika kilomita 30, na usiku taa zake zinaonekana ng'ambo ya maji. Burundi ni nchi ndogo, inaingia ndani ya Kongo zaidi ya mara 80. Hata hivyo kwa vizazi kadhaa mtu wa Uvira aliyetaka sabuni nzuri, kitenge cha kutokea harusini au redio isiyokoroma alivuka mpaka kwenda kununua Buja, yaani Bujumbura.

Hali hiyo imetengenezwa na historia ndefu, na ndiyo ninayotaka kuisimulia. Kwa maoni yangu chapa za ng'ambo zilizoko katika nyumba za Uvira hazieleweki kwa kuuliza nani alizitengeneza. Zinaeleweka kwa kuuliza nani alishika njia wakati zinaingia. Njia ilipohama, kopo nalo lilibadilika jina.

Chumvi, shanga na merikani: hadi 1894

Mwambao wa kaskazini wa ziwa Tanganyika ulikuwa na biashara kabla mtu wa pwani hajauona. Chumvi iliyochemshwa kwenye chemchemi za Uvinza ilisafiri kwa mitumbwi hadi mbali. Majembe ya chuma, nguo za magome ya miti, mawese na samaki wakavu vilibadilishwa kutoka kijiji hadi kijiji. Chumvi ya Uvinza ilijulikana na kutafutwa kwa jina lake, na walaji waliitofautisha na chumvi ya majivu ya majani.

Karibu na miaka ya 1840 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamejikita Ujiji. Walikuja kufuata pembe za ndovu na watumwa, na walilipa kwa vitu vyepesi kubeba kichwani kwa miezi mitatu au zaidi kutoka Bagamoyo: shanga, nguo, waya wa shaba. Hapa ndipo hadithi ya bidhaa za nje inapoanzia, na inaanza na wanunuzi wagumu kuliko wauzaji walivyotarajia. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, zikapitia Zanzibar kwa mamia ya aina, na kila nchi ilitaka yake. Huku zinapendwa nyekundu, kule nyeupe, mbele kidogo hazitakiwi zote mbili. Sokoni Ujiji zilizotumika kama fedha ni sofi, ambazo zilifanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Msafara uliobeba shanga zisizo za msimu huo ulikuwa umebeba mawe. Hakuna aliyezitaka hata kwa bei ya kutupa, na chakula cha wapagazi hakikununulika. Wenye viwanda wa Ulaya, bila kujijua, walikuwa wanapokea amri kutoka kwa wanawake wa ziwa.

Nguo zilikuwa merikani na kaniki. Kaniki ilitoka India, imetiwa rangi ya nili. Merikani ilitoka viwanda vya Massachusetts na ililetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa Marekani na Sayyid Said wa 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba na meli zikapungua. Uingereza na India zikaziba pengo, na baadaye viwanda vya Bombay vikalichukua soko. Jina halikubadilika: mtu wa Ujiji aliendelea kuomba merikani na kupewa nguo ya Bombay.

Tarehe 26 Aprili 1858, mitumbwi miwili iliyotoka Ujiji ilitia nanga Uvira ikiwa na Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Burton hakuwa mtu wa kusifu ovyo, na maelezo yake ya biashara ni ya thamani kuliko ya jiografia. Aliandika kwamba Uvira ndicho kituo cha mwisho upande wa kaskazini ambacho wafanyabiashara waliruhusiwa kufika; ng'ambo, upande wa Burundi, ilikuwa bado imefungwa kwao. Alitaja vilivyopatikana hapo: watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome na vyombo vya chuma. Wapiga makasia walikataa kumpeleka hadi mlango wa mto Rusizi kwa kuwaogopa watu wa huko, akarudi bila kuuona. Wana wa Sultani Maruta wa Uvira walimwambia kwamba mto huo unaingia ziwani, hautoki, na ndoto yake ya chanzo cha Nile ikaishia hapo. Livingstone na Stanley walikwenda kuhakikisha wenyewe Novemba 1871, wakakuta vijana wale walisema kweli.

Kwa hiyo mwaka 1858 mlango ulikuwa Uvira, na nchi ndogo ya ng'ambo ndiyo iliyojifungia. Jambo hili lisisahauliwe tutakapofika mbele.

Lisisahauliwe pia lililolipwa. Kila doti ya merikani iliyofika kaskazini mwa ziwa ilikuwa na upande wake wa pili: pembe, na mara nyingi mtu. Katika miaka ya 1880 Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya Ujiji na mashambulizi yake yalifika hadi kaskazini ya ziwa. Warundi walimzuia asiingie milimani. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilipigana na Waarabu kati ya 1892 na 1894, Rumaliza akashindwa, na mwambao wa magharibi ukabaki mikononi mwa Wabelgiji.

Mstari juu ya maji: 1894–1921

Uvira ikawa kituo cha Dola Huru. Wajerumani nao walijenga ngome yao Usumbura, leo Bujumbura, upande wa pili wa pembe ile ile ya ziwa, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kwa miaka mingi wao na Wabelgiji hawakukubaliana mpaka upite wapi kati ya Rusizi na ziwa Kivu. Mkataba wa Brussels wa 1910 ndio uliomaliza ubishi. Kwa mara ya kwanza jirani aliyekuwa akivuka kwa mtumbwi kupeleka mawese na kurudi na maharage alikuwa anavuka kati ya dola mbili.

Mizigo haikujali sana. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umetangaza bonde zima la Kongo, pamoja na nchi zote mpaka Bahari ya Hindi, kuwa eneo la biashara huru: hakuna taifa lililoruhusiwa kutoza bidhaa za mwenzake ushuru mkubwa kuliko za kwake. Ukingo wa mashariki na wa magharibi wote ulikuwa ndani ya eneo hilo. Ndiyo sababu koloni la Ubelgiji halikuwahi kuwa soko la Ubelgiji peke yake, na tutaona matokeo yake.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Safari iliyokuwa inamaliza miezi na wapagazi ikawa ya siku chache. Upande wa Kongo, Wabelgiji waliifikisha reli yao Albertville, leo Kalemie, mwaka 1915, wakiwa vitani. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg na kuletwa vipande vipande hadi Kigoma, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916 wasimwachie adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikapiga mbiu ziwani kwa jina la Liemba.

Vita hivyo, vya kwanza vya dunia, viliwapa Wabelgiji Ruanda na Urundi. Machi 1921 Waingereza waliwakodishia sehemu za bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka, bila kikomo. Faranga moja! Mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ingeteremka Dar, ingepanda treni, ingevuka ziwa, bila kulipa ushuru Tanganyika. Hapo njia ya Uvira ikafungwa fundo ambalo halijafunguliwa hadi leo: bahari yake ni ya Hindi, si Atlantiki.

Faranga moja, miji miwili: 1921–1960

Mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala. Gavana wa Usumbura akawa makamu wa Gavana Mkuu wa Léopoldville, leo Kinshasa, na faranga ya Kongo ikatumika pande zote mbili za Rusizi. Mtu wa Uvira alinunua Usumbura kwa noti zile zile alizolipia mihogo kwao. Usumbura ilikuwa makao makuu, ilikuwa na bandari, maghala na mtaa mzima wa wafanyabiashara Wahindi ambao mpaka leo unaitwa Quartier Asiatique. Karibu nao ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako aliyetoka Uvira, Kigoma au Rumonge alipata ndugu wa kumlaza na fundi wa kumshonea. Uvira ilikuwa na bandari ya Kalundu, ofisi ya serikali, na reli fupi ya miaka ya 1930 iliyopanda bonde la Rusizi hadi Kamanyola kupeleka mizigo ya Bukavu. Nani alimzidi mwenzake lilikuwa jambo lililoamuliwa na maghala. Mwenye ghala ndiye mwenye bei ya jumla, na muuza duka wa Uvira akawa mteja wa tajiri wa Usumbura. Nadhani uhusiano wa leo ulizaliwa hapo, kabla mpaka haujawa na maana yoyote.

Ni chapa gani zilikuwa kwenye maduka hayo? Sabuni ni mfano mzuri. William Lever alipata mkataba na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911, akapewa misitu ya michikichi magharibi ya Kongo kwa ajili ya viwanda vyake vya Sunlight. Michikichi ilistawi pia kando ya ziwa, Fizi, Baraka na Rumonge, na kina mama walijua kupika sabuni nyeusi ya mawese na majivu. Lakini sabuni ya kiwandani ilikuwa ngumu, haikuyeyuka upesi mtoni, na ilikuwa na muhuri. Muhuri ulikuwa ahadi kwamba mche huu ni sawa na ule wa mwezi jana.

Nguo zina kisa chao. Wakulima wa tambarare ya Rusizi walilazimishwa kulima pamba, wakaiuza kwa bei ambayo serikali na kampuni walikubaliana bila wao. Pamba iliondoka. Nguo ilirudi kutoka popote, na katika miaka ya 1930 popote palikuwa Japani. Kwa kuwa mkataba wa Berlin, uliofanyiwa marekebisho Saint-Germain mwaka 1919, ulikataza ushuru wa upendeleo, Ubelgiji haikuweza kuufunga mlango wake wenyewe. Vitambaa vya Kijapani na viatu vya mpira viliingia kwa bei ambayo viwanda vya Ghent havikuweza kuifikia. Mahitaji ya kodi yalipopanda na bei ya pamba ilipoanguka kwa mdororo wa uchumi wa dunia, mkulima aliyevaa kitu alivaa cha Kijapani.

Mwezi Mei 1940 Ujerumani iliikalia Ubelgiji na koloni likatengwa na mama yake. Bidhaa zilitoka Afrika Kusini na Marekani, kwa uhaba. Vita vilipokwisha pesa ikarudi, na miaka ya 1950 wazee wengi wa mwambao wanaikumbuka kama miaka ya wingi, ingawa wingi huo haukugawanywa sawa. Kiwanda cha sukari kilianzishwa Kiliba, kaskazini kidogo ya Uvira, na miwa ikatanda tambarareni. Bia ya Primus, iliyotoka Léopoldville mara ya kwanza mwaka 1926, ilianza kupikwa Bukavu na pia Usumbura, ambako Brarudi ilifungua kiwanda. Reli ya Kamanyola ilifungwa mwishoni mwa muongo huo kwa kushindwa na malori. Kitenge cha Kiholanzi kutoka kiwanda cha Vlisco cha Helmond, chapa iliyoanza 1846 kwa kuiga batiki za Java, kikawa kipimo cha bwana harusi: anayeleta cha Hollande na anayeleta cha kuiga hawapokewi kwa vigelegele vya sauti moja.

Mpaka wapata maana: 1960–1973

Uhuru wa Kongo ulikuja 30 Juni 1960, wa Burundi 1 Julai 1962. Umoja wa fedha ulivunjika mwaka ule ule wa 1960, na Burundi ikaja kuwa na faranga yake mwenyewe mwaka 1964. Huu ndio mgeuko mkubwa wa kisa hiki, ingawa vitabu huupita kwa sentensi moja. Tangu hapo bidhaa ile ile ilikuwa na bei mbili kwa fedha mbili, na tofauti hiyo ndiyo mshahara wa kila anayevuka mpaka wa Kavimvira na mzigo.

Mei 1964 waasi wa Simba waliiteka Uvira. Serikali iliirudisha baadaye mwaka huo, lakini milima ya Fizi ilibaki mikononi mwa waasi kwa muda mrefu. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 kujiunga nao na akaondoka Novemba. Kuna mengi ya kusema juu ya vita hivyo, lakini kwa duka la rejareja maana yake ni fupi: wenye maduka walikimbilia Bujumbura, na wateja wakawafuata.

Rafu tupu: 1973–1996

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Katika Kivu nzima biashara za Wagiriki, Wahindi, Wapakistani na Wareno zilipata wamiliki wapya, wengi wao wakiwa wakubwa wa chama au ndugu zao. Mwenye duka mpya aliuza kilichokuwapo. Kilipokwisha hakujua aagize wapi, au alijua lakini msambazaji wa ng'ambo hakumwamini kwa mkopo. Mwaka 1976 serikali iliwarudishia wageni sehemu ya mali yao, lakini wengi hawakurudi. Wengine walikuwa wameshafungua upya upande wa pili wa Rusizi.

Mwaka huo huo wa 1976, Septemba, Zaire, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mkataba wa CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, mjini Gisenyi. Jumuiya hiyo ilikuwa na ahadi nyingi, na nyingi hazikutimia. Iliyotimia ni ya karatasi: lesepase iliyomwezesha mtu wa kawaida kuvuka bila pasipoti. Karatasi hiyo ilifanya kazi kuliko mabenki.

Basi Bujumbura ikawa duka la Uvira. Kwenda kulikuwa na dagaa wa ndakala, mawese, mihogo, na kwa wenye vifua, kahawa na dhahabu. Burundi ya miaka ya 1980 iliuza nje dhahabu ambayo ardhi yake haikuitoa, na kila mtu alijua imetoka wapi. Kurudi kulikuwa na Omo, Colgate, betri, vikombe vya udongo vyenye maua, vitambaa vya kiwanda cha COTEBU, sabuni na mafuta ya kula ya Savonor. Forodha ya Kavimvira ilikuwa na bei yake rasmi na nyingine isiyoandikwa. Kina mama walijifunza kuvaa mzigo badala ya kuubeba: vitenge vitano mwilini, cha juu kikiwa kikuukuu. Afisa aliona unene usiolingana na mikono, akanyoosha kiganja, na siku ikaendelea.

Nikisema Uvira ilitegemea Burundi nisieleweke vibaya. Nchi ndogo nayo ilikula kwa mkono huo. Isingekuwa Kivu, maghala ya Bujumbura yangebaki na soko la wakulima maskini wa milimani, na wafanyabiashara wake wakubwa wasingefikia utajiri walioufikia.

Fedha ya Zaire ilimaliza kilichobaki. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Desemba 1992 ilichapishwa noti ya zaire milioni tano, na Oktoba 1993 ikaja zaire mpya iliyobadilishwa kwa milioni tatu za zamani. Hakuna mwenye akili aliyeuza kopo la maziwa kwa fedha ambayo jioni ingenunua nusu kopo. Uvira ikahesabu kwa dola na faranga za Burundi, na tabia hiyo haikutoka tena.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na wakimbizi Warundi wakavuka Rusizi. Mwaka uliofuata wakaja Wanyarwanda. Kufikia 1996 kambi za tambarare ya Uvira zilikuwa na watu zaidi ya 200,000. Pamoja nao ilikuja chapa isiyouzwa dukani: makopo ya mafuta ya msaada, yenye maandishi ya USA na bendera. Mafuta yaliliwa au kuuzwa, kopo likabaki. Lilikuwa pishi ya kupimia unga sokoni, likawa ndoo, likafunuliwa na kupigwa bapa likawa mlango wa kibanda. Sijui bidhaa nyingine ya kigeni iliyoingia katika nyumba nyingi kiasi hicho bila tangazo hata moja.

Ziwa larudi kuwa njia: 1996–2005

Mwezi Julai 1996 majirani wa Burundi waliiwekea vikwazo baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya, na vikadumu hadi Januari 1999. Bandari ya Bujumbura ilifungiwa, bei zikapanda, na magendo yakageuza mwelekeo: vilivyokuwa vikitoka Buja sasa vilipelekwa Buja kwa boti za usiku. Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1996, majeshi yaliyoanzisha vita vya kumwondoa Mobutu yaliiteka Uvira. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama mwaka huo. Mji uliolima miwa ukaanza kula sukari ya kuagiza, na maelfu ya watu waliotegemea mishahara yake wakawa wavuvi, wabeba mizigo au wakimbizi. Kama ningetakiwa kuchagua hasara moja iliyobadilisha meza ya chai ya Uvira, ningetaja hiyo.

Vita vya pili vilianza Agosti 1998. Barabara ya Bukavu na ile ya Fizi zilikuwa za mwenye bunduki. Boti za mbao zilizotoka Kigoma zikachukua nafasi ya malori. Maelfu ya watu wa Uvira, Fizi na Baraka walikuwa upande wa pili, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu mkoani Kigoma, na wengine walikaa huko miaka kumi.

Urejeshaji wao kwa meli ulianza 2005, Baraka kwanza. Walirudi na mabati, masufuria na mazoea. Watoto waliozaliwa kambini walizoea chapati na chai ya majani ya Tanzania, walisoma maandishi ya Kiswahili kwenye pakiti, na mama zao walijua Kigoma nani anauza jumla. Wafanyabiashara wa Bujumbura walikuwa na ghala, lakini hawa walikuwa na mjomba Kigoma.

Baada ya 2005

Kutoka hapo mambo ni ya karibu na hayahitaji maelezo marefu. Unga na juisi za Bakhresa, mwenye chapa ya Azam, biskuti, magodoro, ndoo za plastiki na madaftari vikaingia Kalundu kwa boti za Kigoma. Wenye mitaji mikubwa wakapanda ndege Bujumbura kwenda Dubai, baadaye Guangzhou, wakarudi na makontena yaliyopitia Dar. Sufuria ya bati la Kichina ikauondoa mnara wa vyombo vya enameli uliokuwa fahari ya sebule. Noti ya dola yenye mchaniko mdogo ikakataliwa dukani, hata kama ni ya mia.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba na vibanda. Ziwa lenyewe lilipanda katika miaka iliyofuata, likafunika sehemu za bandari na kuifanya barabara ya Gatumba, inayounganisha Kavimvira na Bujumbura, ipitike kwa shida msimu wa mvua. Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa karatasi, unga wa Dar na sabuni ya Bujumbura vinapaswa siku moja kuingia Uvira kama vya nyumbani. Kwa sasa anayevuka Kavimvira na katoni mbili bado anajadiliana na maofisa kila mmoja kwa zamu yake.

Kilichobadilika zaidi ni upande wa pili. Burundi iliishiwa fedha za kigeni, na petroli ikaadimika kwa miezi mfululizo. Foleni za magari Bujumbura zikalala vituoni. Januari 2024 ilifunga pia mpaka wake na Rwanda. Wenye magari wa Bujumbura wakaanza kuvuka kuja Uvira kujaza tangi, na vijana wauza petroli ya madumu, wanaoitwa kadafi, wakapata wateja wanaotoka nchi iliyokuwa ikiwauzia kila kitu. Bia za Brarudi ziliendelea kwenda Kongo kwa sababu Kongo inalipa kwa dola, huku mnywaji wa Bujumbura akiambiwa Amstel imekwisha.

Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Kamanyola ikafuata. Barabara ya juu, ya Bukavu, ikakatika, ofisi za serikali ya jimbo zikahamia Uvira, na mji ukabaki na milango miwili: Kavimvira na Kalundu. Boti za Kigoma hupakia unga, chumvi na sabuni. Chumvi yenyewe, sehemu yake, inachemshwa bado Uvinza.